Sadaka Itokayo Katika Akiba ya Uzeeni, na Hukumu ya Mwenye Kupunguziwa Kodi kwa Ajili Yake

Tunaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, tukimhimidi kwa neema zake zisizohesabika, na kumsalia Mtume wetu Muhammad, sala na salamu zimshukie yeye na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, fahamu ewe ndugu Muislamu ya kwamba risala hii fupi imeandikwa kwa sababu ya suala linalokariri kuletwa na watu wa pwani yetu ambao watoto wao au ndugu zao wamehamia Marekani, wakafanya kazi huko hata mvi zikawatoka, na sasa wamestaafu. Husema: Serikali ya huko imetufungulia njia ya kutoa sadaka katika akiba zetu za uzeeni, na mwenye kuifuata njia hiyo hupunguziwa kodi. Je, hiyo ni sadaka kweli, au ni biashara iliyovikwa kanzu? Na je, yatosha kuwa zaka? Wengine wamekatazwa na jamaa zao, wakaambiwa ya kwamba atoaye hali yuapunguziwa kodi hana fungu lolote akhera. Na wengine, kinyume cha hao, wametoa kwa furaha, wakaacha zaka wakidhani wamekwisha kuitoa. Makundi yote mawili yamekosea, na kosa la hawa wa pili ni kubwa kuliko la wale wa kwanza.

Wala haifai kukihukumu kitu kabla ya kukijua, kwa hivyo na tueleze kwanza mambo yalivyo.

Katika nchi ya Marekani, tangu kanuni iliyotolewa mwaka 1974, mtu aweza kujiwekea akiba ya uzeeni katika akaunti ambayo wao huiita kwa herufi tatu, IRA. Iliyo ya asili katika akaunti hizo, fedha iingiayo kwa kawaida haitozwi kodi siku ya kuingia, wala faida yake haitozwi maadamu imo ndani. Kodi hungoja siku ya kutoka. Mwenye kuitoa kabla hajatimiza miaka 59 na nusu hutozwa zaidi kumi katika mia, illa awe na udhuru uliotajwa katika kanuni. Kisha, akifika miaka 73, hana khiyari tena: kila mwaka sharti atoe kiasi maalumu, akihitaji asihitaji. Umri huo zamani ulikuwa 70 na nusu, mwaka 2020 ukawa 72, mwaka 2023 ukawa 73, na mwaka 2033 utakuwa 75. Asiyetoa hutozwa faini ya robo ya kile alichopasiwa kutoa akakiacha, nayo hushuka hata kumi katika mia akijirekebisha mapema. Sababu ni wazi: Serikali imeingojea kodi yake miaka mingi, wala haipendi mtu afe nayo.

Kiasi hicho hujulikana hivi. Hutazamwa fedha iliyokuwamo siku ya mwisho ya mwaka uliopita, ikagawanywa kwa hesabu iliyo katika jedwali la Serikali. Kwa mtu wa miaka 73 hesabu hiyo ni 26.5. Basi mwenye dola 265,000 yampasa kutoa dola 10,000, nazo huhesabiwa kuwa ni pato lake la mwaka ule. Ikiwa yeye ni katika watozwao 22 kwa kila mia, 2,200 zitakwenda Serikalini na 7,800 zitambakia.

Mwaka 2006 ilitolewa kanuni ya kwamba aliyetimiza miaka 70 na nusu aweza kumwamuru yule mwenye kuishika akaunti apeleke fedha moja kwa moja kwa jamia ya kheri. Fedha hiyo haihesabiwi kuwa ni pato la mtoaji, na juu ya hayo huhesabiwa katika kile kiasi alichopasiwa kukitoa. Hapo kwanza ruhusa hii ilikuwa ya muda, ikiongezwa mara kwa mara, mpaka mwishoni mwa mwaka 2015 ikathibitishwa iwe ya daima. Mpaka wake ulikuwa dola 100,000 kwa mtu mmoja katika mwaka mmoja, na tangu 2024 hupanda pamoja na bei za vitu. Mwaka 2025 ulikuwa 108,000.

Sharti zake ni nyingi, tutataja zile ambazo watu hujikwaa kwazo. Fedha isipite katika mikono yako: ukiitoa ikaingia katika akaunti yako ya matumizi, hata usiku mmoja, kisha ukaipeleka msikitini, umekwisha kuipata kama pato na mlango umefungwa. Jamia ipokeayo iwe imekubaliwa na Serikali ya huko, na misikiti huingia pamoja na makanisa bila ya kupeleka maombi. Fedha iwe ni ya IRA. Aliye na mfuko wa kazini hana budi kuihamishia huko kwanza. Upate khati ya kupokelewa. Na usirudishiwe kitu chochote badala ya ulichotoa, na neno hili tutalirejea.

Na hapa pana jambo dogo ambalo wazee wetu wataliona mara moja. Miaka 70 na nusu wanayoitaja wao ni ya jua. Mwenye kuhesabu umri wake kwa miezi yetu atakuwa amepita miaka 72 na miezi minane hivi ndipo afikapo hapo. Basi mzee asiharakishe akasema nimetimiza, naye ahesabu kwa Muharram na Rajabu.

Sasa tuje kwenye asili ya suala. Mwenye kupinga husema: Vitendo hutazamwa kwa nia, na hadithi hiyo ndiyo ya kwanza katika Sahihi ya Imamu Bukhari, na huyu amenuia kukimbia kodi. Nasi twasema, hadithi ni kweli, lakini umeitia mahali si pake. Nani aliyekwambia ya kwamba amenuia hilo? Itazame hesabu tuliyoitaja. Mzee huyu ametoa dola 10,000 ili asitoe 2,200. Lau angalikuwa anatafuta dunia tu, angalilipa kodi yake akalala na 7,800 chini ya mto. Mfanyabiashara wa Darajani au wa Marikiti ukimwambia kwamba hii ni biashara yenye faida, atakucheka. Hapana atoaye kumi ili aokoe mbili, illa awe na jambo jingine moyoni lililomtoa.

Kwa hivyo yataka tupambanue nia ya kutoa na uchaguzi wa njia ya kutolea. Mtu amekusudia kwenda msikitini, na mbele yake pana njia mbili, moja ya jua kali na moja ya kivuli, akapita kivulini. Je, utasema amekwenda kutafuta kivuli? Na huyu wa kwetu ana haki zaidi kuliko yule, kwa sababu kivuli ni raha ya mwendaji peke yake, na hapa zile 2,200 huwafikia mafukara badala ya kubaki njiani. Mwenye kuichagua njia hii kwa ajili ya kuwazidishia wao, uchaguzi wenyewe ni katika ibada.

Naam, yawezekana nia mbili zikachanganyika, nasi si malaika. Na mas'ala haya wanazuoni wetu hawakuyaacha. Katika udhu, mtu akinuia udhu akanuia pamoja nao kujiburudisha kwa maji siku ya joto, udhu wake katika madhehebu yetu ni sahihi. Na katika Hija, Sura ya Baqara imewaondolea lawama wenye kutafuta fadhila ya Mola wao, yaani biashara, na Ibn Abbas amesimulia ya kwamba watu waliona vibaya kufanya biashara siku za Hija katika masoko ya Ukadh na Majanna na Dhul-Majaz, ndipo ikashuka ruhusa. Basi nahodha wetu wa zamani aliyepakia karafuu akashuka Jedda akauza kisha akahiji, Hija yake haikubatilika kwa karafuu zile.

Hayo ni katika usahihi wa kitendo. Ama thawabu, hapo pana maneno. Izzuddin bin Abdissalam alishika njia ya ukali, akaona kwamba nia ikichanganyika thawabu huondoka. Imamu Ghazali yeye alitazama ni lipi lililomsukuma mtu zaidi, la dini au la dunia, akahukumu kwa lenye nguvu. Na Ibn Hajar wa Haytam, ambaye kitabu chake Tuhfa ndicho tegemeo letu pwani hii, aliona ya kwamba mtu hulipwa kwa kadiri ya nia yake ya dini. Basi mwenye kutaka kuupima moyo wake na ajiulize: Lau Serikali ingaliiondoa ruhusa hii kesho, ningaliendelea kutoa? Akijijibu, Ningalitoa, ijapokuwa kidogo kuliko hivi kwa kuwa kodi ingalichukua sehemu yake, nafsi yake imesalimika. Akijijibu, Nisingalitoa hata peni, na airekebishe nia yake kabla hajatia saini, wala asiache kutoa, kwani shetani hufurahi kwa fukara aliyekosa kuliko anavyofurahi kwa nia iliyopungua.

Nami naona kwamba watu wanaitafuta riya mahali isipokuwa. Kodi haina macho. Hapana mtu atakayekusifu kwa kodi uliyopunguziwa. Riya imo katika jina linaloandikwa ukutani kwa herufi za dhahabu, na katika karamu ambapo watoaji husomwa mmoja mmoja kwa kiasi walichotoa, na katika maneno ya mtoaji mwaka wa pili, Msikiti huu lau si mimi. Mwenyezi Mungu ametukataza kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimango na maudhi, akafananisha jambo hilo na udongo juu ya jabali ulioshukiwa na mvua kubwa. Mwenye hofu na aanze hapo.

Ama wale wasemao kwamba kupunguza kodi ni kuidanganya Serikali, na wale wasemao kwamba kuidanganya ni halali kwa kuwa si yetu, wote wawili hawakusema kweli. Muislamu akaaye katika nchi kwa ahadi na amani yapasa atimize ahadi, wala uwongo haugeuki kuwa halali kwa kuvuka bahari. Lakini kutumia ruhusa ambayo kanuni yenyewe imeiweka wazi, ukaiandika katika hesabu zako kama ilivyo, si udanganyifu. Mwenye haki ndiye aliyesamehe.

Udanganyifu ni huu ambao nataka ujihadhari nao. Mzee hupeleka dola 5,000 kwa madrasa ya mtaani, ikaandikwa sadaka, kisha wajukuu wake wawili wakasoma mwaka mzima bila ya ada. Hiyo ni ada. Au hupeleka fedha kwa jamia, nayo jamia ikamlipa mwanawe mshahara wa kazi isiyokuwapo. Au hutoa, akapewa viti vya karamu vyenye thamani. Mambo haya kanuni ya huko huyakataa, na sharia yetu imeyakataa kabla yake, kwa kuwa kitu kikirudi kwa mwenyewe kwa mlango wa nyuma hakikuwa kimetoka.

Na neno hili ni lenu ninyi msomao huku kwetu, mnaoandika barua za kuomba misaada ya misikiti na visima. Msimwambie mzee aliye Marekani, Tuletee katika akiba yako moja kwa moja. Jamia ya Lamu au ya Tanga au ya Unguja haimo katika zile zilizokubaliwa huko, na akiipelekea kwa njia ile, fedha yote itahesabiwa pato lake na atalipa kodi asiyoitaraji. Njia iliyopo ni jamia iliyosajiliwa huko, yenye kuchagua yenyewe kazi za kheri na kuzisimamia, hata zikiwa nje ya nchi. Na iwe inasimamia kweli. Isiwe bomba tu la kupitishia fedha ya mtu mmoja kumfikia jamaa yake mmoja.

Sasa tuje kwenye lile kosa kubwa, nalo ni zaka.

Wako watu, nao si wajinga, wahesabuo hivi: Nimetoa dola 10,000 mwaka huu, na zaka ya akiba yangu haifiki hapo, basi nimesalimika. Hesabu yao ni ya kweli. Ikiwa mali yote iliyo katika akaunti ni ya kutolewa zaka, robo ya ushuri ya 265,000 ni 6,625. Lakini zaka ni ibada, haitoki mpaka inuiwe. Aliyetoa 10,000 kwa nia ya sadaka ya hiari, zaka ingali shingoni mwake yote, hata lau angalitoa laki. Na huwezi kurudi nyuma mwezi wa Ramadhani ukasema, Ile ya mwezi wa Shaaban nimeigeuza.

Tena zaka ina wenyewe. Wametajwa wanane katika Sura ya Tawba, na msikiti hakuwamo miongoni mwao. Zulia, taa, mshahara wa muadhini, saruji ya mnara, yote hayo ni mazuri na yana thawabu zake, wala hayawi zaka katika madhehebu ya Imamu Shafi'i. Na lile fungu la njia ya Mwenyezi Mungu, kwetu sisi halikuachwa wazi likaingiza kila jambo la kheri. Illa ikiwa jamia unayoipelekea huwagawia mafukara na masikini wa Kiislamu, ukaiwakilisha kwa zaka yako, ukanuia wakati wa kuipa, hapo inafaa, kwani kuwakilisha katika zaka kwajuzu na nia ya mwenye mali wakati wa kumpa wakili yatosha. Uiandikie barua uwaambie kwamba hii ni zaka, wasije wakaitia katika rangi ya kuta.

Na mwaka wa zaka ni wa mwezi. Akaunti yako hufunga hesabu Desemba, na Desemba hurudi baada ya siku 365. Mwenye kuifuata hiyo huchelewa siku kumi na moja hivi kila mwaka, na kwa miaka 33 atakuwa ameila zaka ya mwaka mzima. Wala asiseme, Mali hii siifikii. Aliyepita miaka 59 na nusu aweza kuitoa siku apendayo bila ya nyongeza ya adhabu, na kodi itakayotozwa atakapoitoa haimwondolei umiliki. Baadhi ya wanazuoni wa zama hizi wameruhusu apunguze kiasi cha kodi hiyo katika hesabu yake, na aliyeshika asiyepunguza ndiye aliyejihifadhi zaidi kwa asili ya madhehebu yetu, ambayo deni halizuii zaka.

Kuhusu riba iliyoingia katika akiba kwa hati za mikopo na mfano wake, hiyo huhesabiwa kando ikatolewa katika maslaha ya Waislamu au mafukara, kama alivyonakili Imamu Nawawi katika Majmu' kutoka kwa Ghazali katika mali ya haramu isiyojulikana mwenyewe. Huitoa kwa kujisafisha, haitwi sadaka yake.

Limebaki la jamaa. Usikivu wa watu huwa mkubwa katika fadhila za kutoa, na huwa mdogo katika maneno ya Nawawi ndani ya Minhaj, ya kwamba lililo sahihi zaidi ni kuharimika kutoa sadaka kile anachokihitaji mtu kwa nafaka ya wale iliyompasa nafaka yao, au kwa deni asilotaraji kulilipa kwa jingine. Mzee mwenye mke asiye na kitu, na deni la nyumba, na dawa za kila mwezi, akapeleka 10,000 ili asilipe 2,200, kisha mkewe akaomba kwa majirani, huyo hakutoa sadaka, amedhulumu. Na Mtume, sala na salamu zimshukie, alipomzuru Saad bin Abi Waqqas naye ni mgonjwa, akataka kuusia mali yake nyingi, alimshusha hata thuluthi, na thuluthi akaiita nyingi, akamweleza ya kwamba kuwaacha warithi na utajiri ni bora kuliko kuwaacha wakinyosha mikono.

Kwa hiyo, utoaji wa mtu katika uzima wake hauna mpaka wa thuluthi maadamu haki za watu zimetimia, ndipo sadaka ya mwenye afya, atarajiaye kuishi na aogopaye ufukara, ikawa ndiyo bora. Akiwa katika maradhi ya mauti, alichotoa hurejeshwa ndani ya thuluthi. Na hapa pana hatari ambayo wengi hawaijui. Akaunti hizi zina karatasi ambayo huandikwa jina la atakayeichukua fedha mwenyewe akifa, na kwa kanuni ya huko karatasi hiyo hushinda wasia, hata wasia uwe umeandikwa na kadhi. Mtu huandika jina la mke wa kwanza siku ya kufungua akaunti, miaka ishirini ikapita, akaoa, akazaa, mama yake yungali hai, kisha akafa. Fedha yote huenda kwa jina lile. Mbele ya sharia mali ile ni tarika: mke ana fungu lake katika thumuni, na iliyobaki ni amana mikononi mwake, ya mama na ya watoto, asipowapa huenda nayo kaburini.

Na ikiwa mzee anataka kuusia kheri baada yake, na atazame jambo hili la hesabu tu. Jamia ya kheri ikirithishwa akaunti hii hailipi kodi ya mapato kwayo. Watoto wakirithi, hulipa kila wanachokitoa, na kwa waliofiwa tangu mwaka 2020, wengi wao sharti waimalize ndani ya miaka kumi. Basi thuluthi ya kheri na itoke katika akaunti hii, na warithi waachiwe nyumba na fedha isiyo na kodi, hesabu ya thuluthi ikifanywa kwa mali yote, si kwa akaunti peke yake. Watapata zaidi wao, na itapata zaidi kheri. Karatasi hiyo na iandikwe upya akili zingali timamu, mbele ya mtu ajuaye kanuni za huko na mtu ajuaye elimu ya mirathi, na nakala iwe mikononi mwa warithi.

Wallahu aalam.